Nguo Zisizo na Mifuko

Ting.

Inspekta aliisikia akiwa bado kwenye ngazi. Sauti nyembamba, kama kijiko kilichogusa glasi mara moja kikajuta. Kisha kimya. Na kimya hicho ndicho kilichomsimamisha, kwa sababu aliambiwa huko juu kuna vyerehani saba, na hakusikia hata kimoja.

Akasukuma mlango.

Wanawake saba walikuwa wamekaa nyuma ya vyerehani vyao, mikono mapajani. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Wote walikuwa wameikodolea macho kompyuta iliyokuwa pembeni, kama watu waliomwona nyoka sebuleni na hawajui nani aanze kukimbia.

"Ameagiza tena," alisema mwanamke wa nane, aliyekuwa amesimama, mkasi ukining'inia shingoni mwake kwa utepe mweusi. Wateja, majirani, hata watoza kodi walimwita Bi Mkasi.

"Nani ameagiza?"

"Maiti, afande."

Koplo, binti mwenye ulimi mwepesi aliyefuatana na Inspekta, alicheka. Alipoona amecheka peke yake, akafunga mdomo.

Duka lile halikuwa na kibao wala dirisha la barabarani. Lilikuwa ndani ya mtandao. Mteja alichagua mshono kwenye simu yake, akajaza vipimo, akalipa kwa kadi ya benki, na baada ya siku chache nguo ikamfikia imekunjwa ndani ya karatasi laini. Kila oda ilipoingia, kompyuta ililia. Kwa miaka mitano sauti hiyo ilikuwa riziki. Sasa iliwatoa jasho.

"Nieleze tangu mwanzo," Inspekta alisema, akivuta kiti.

"Oda tisa ndani ya miezi minne. Zote zimelipwa sawasawa. Nimekata, nimeshona, nimetuma. Baada ya wiki mbili tatu, benki inazivuta pesa zake kutoka kwangu. Kwa nini? Eti kuna malalamiko. Si ya mwenye kadi. Ya ndugu zake. Wanasema siku ile aliponunua gauni kwangu, ndugu yao alikuwa ameshakufa."

"Alikufa baada ya kununua."

"Kabla, afande. Saa tatu kabla. Saa sita kabla. Mmoja alikuwa amekufa tangu juzi yake."

"Ulinzi wako ukoje?"

Bi Mkasi alivimba kidogo. Hakupenda kuulizwa kana kwamba amelala mlango wazi. "Namba tatu za nyuma ya kadi, naziuliza. Anuani ya mwenye kadi, nailinganisha na iliyoko benki. Halafu benki inamtumia mwenye kadi namba ya siri kwenye simu yake. Asipoijaza, hakuna biashara. Wezi wa kadi nawajua mimi. Wanakwama hapo kwenye simu, maana wameiba namba za kadi tu, simu ya mtu hawana. Huyu hakwami. Anajaza ndani ya dakika moja."

"Kwa hiyo ana kadi, ana anuani, na simu anayo."

"Na kaburi analo."

"Labda huko ahera mtandao una kasi kuliko wetu," Koplo alinong'ona.

"Koplo."

"Samahani, afande."

Simu ya Bi Mkasi ikatetemeka juu ya meza. Aliitazama, akaibonyeza ili wote wasikie. Alikuwa bwana wa kampuni ya malipo, ile inayopokea pesa za kadi kwa niaba ya maduka. Sauti yake ilikuwa laini, sauti ya mtu aliyeshiba.

"Dada yangu, ni yaleyale. Malalamiko tisa. Ijumaa saa kumi na mbili jioni tunakufungia."

"Inspekta wa polisi hapa. Mama huyu ndiye aliyeibiwa."

"Huenda, afande. Lakini yapo maduka yanayojiuzia yenyewe kwa kadi za wizi. Nguo hakuna, mteja hakuna, kuna karatasi tu. Na karatasi haikatai kuandikwa. Tuleteeni nguo moja kati ya hizo tisa. Moja tu. Niishike kwa mkono wangu, nijue kwamba ilishonwa kweli ikaenda kwa mtu. Vinginevyo, Ijumaa."

Akakata. Siku ilikuwa Jumatano, saa tano asubuhi.

"Wakinifungia, jina langu linaingia kwenye orodha yao," Bi Mkasi alisema, "na hakuna kampuni nyingine itakayonipokea. Wateja wangu wote wanalipa kwa kadi. Bila kadi mimi ni mwanamke mwenye mkasi. Na hawa saba hawana hata mkasi."

Inspekta aliisogelea kompyuta. Oda mpya ilikuwa pale, bado ina joto la kuingia. Jina la mwanamume. Namba ya simu. Gauni la kike, la kahawia.

Alitoa simu yake, akaipiga ile namba mbele ya wote.

Iliita mara tano. Ikapokelewa.

Hakuna aliyesema "haloo." Kulikuwa na mngurumo, wa chini, mrefu, usiovuta pumzi. Ndani ya mngurumo, tone la maji. To. Baada ya muda, jingine. To. Kisha, karibu kabisa na sikio, mtu akapumua.

"Nani anaongea?" Inspekta aliuliza.

Pumzi ikasita. Simu ikakatwa.

Mshonaji mmoja akajivuta shali hadi puani. Jirani yake akaanza kuhesabu kitu kwenye vidole, pengine watoto wake. Inspekta akapiga tena. Safari hii iliita mpaka ikachoka, na hakuna aliyeipokea.

Koplo alikuwa ameshafungua kompyuta yake ndogo kwenye orodha ya vifo ya serikali. Alipitisha kidole mara mbili.

"Jina lake halimo, afande." Akaipitia tena. "Bado."

Neno hilo moja likamwingia Inspekta mgongoni. Kama mwanamume yule alikuwa hai, basi kulikuwa na mtu mahali fulani anayejua kwamba atakufa.

*

Mpaka saa tisa, Koplo alikuwa amekusanya alichoweza. Wafu tisa. Ajali, moyo, kisukari, mmoja alianguka kwenye ngazi za nyumbani kwake. Hawakufanya kazi pamoja, hawakujuana, hawakuwa na adui mmoja. Wote walihifadhiwa katika hospitali kubwa kabla ya maziko, lakini hilo halikusema kitu. Mji mzima ulipita pale. Ulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea.

"Na simu iliyotumika kuagiza?"

"Ni moja siku zote. Laini imesajiliwa kwa jina la mwanamke." Koplo aligeuza ukurasa. "Alikufa miaka mitatu iliyopita."

"Inatumika kutoka wapi?"

"Mnara wa katikati ya mji. Soko, stendi, hospitali, kituo chetu. Hata sisi ni washukiwa, afande."

Inspekta akarudi kwa Bi Mkasi. Kampuni ya malipo ilikuwa imemtia sumu kidogo masikioni. Mwizi wa ndani ni jambo la kawaida. Katika chumba cha nyuma, kati ya maboksi na utepe wa gundi, alikuwapo mdogo wa mume wa Bi Mkasi. Kazi yake ilikuwa kufunga mizigo. Washonaji wote walimwita Shemeji, wawe wameolewa au hawajaolewa.

"Wewe ndiye unayefunga."

"Ndiye."

"Namba za oda unazijua."

"Nazijua kuliko tarehe ya kuzaliwa ya mke wangu. Usimwambie."

"Zote tisa zilipelekwa kituo cha kuchukulia mizigo, na pale wanamkabidhi yeyote aliye na namba ya oda. Ungeweza kwenda mwenyewe."

"Ningeweza." Shemeji alijipapasa tumbo, lililokuwa limemtangulia hatua nzima. "Niibe gauni, afande, niende nalo wapi?"

"Ungeuza."

"Nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu mmoja? Nani atainunua? Na vipimo vyenyewe vile!" Akavuta faili, akatoa karatasi tisa, akazitandaza juu ya boksi. "Njoo uone. Huyo marehemu wenu hata kupima hajui."

Fomu ya duka iliuliza bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu. Katika karatasi zote tisa, nafasi hizo zilijazwa sifuri. Chini yake, mahali pa maelezo ya mteja, kulikuwa na mistari miwili, mifupi, isiyobadilika ila kwa tarakimu:

Utosi hadi kisigino, sentimita 168. Kiwiko kwa kiwiko, mikono ikiwa ubavuni, 51.

Na mwisho wa kila karatasi: Bila mifuko.

"Nani anapima viwiko?" Shemeji alisema. "Tulicheka siku nzima. Bi Mkasi akauliza, huyu anapima mtu au anapima kabati? Tukakisia, tukashona hivyohivyo. Na hakuna hata mmoja aliyerudisha kusema inambana."

"Hamkumpigia kumuuliza?"

"Oda ikishalipwa, unampigia ya nini? Alama ikiwa ya kijani, tunakata kitambaa. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Hapo ndipo alipowapitia," Inspekta alisema. "Mlikagua pesa, hamkumkagua mteja. Kuanzia leo, vipimo vikiwa vya ajabu, mkasi haugusi kitambaa mpaka msikie sauti ya mtu."

"Na tukisikia ule mngurumo?"

Inspekta alikuwa akiisoma tena mistari ile miwili. Aliyeiandika hakuwa akibahatisha. Iliandikwa na mtu aliyeizoea, kama daktari anavyozoea kuandika joto la mgonjwa.

Kituo cha kuchukulia mizigo kilikuwa kidirisha kando ya kinyozi. Mwenye kidirisha hakuwa na kamera wala kumbukumbu ya majina.

"Ni mzee," alisema. "Mpole, ana salamu nzuri. Ila mikono yake..."

"Imefanya nini?"

"Baridi. Jua la saa nane, lami inashika viatu, naye akikupa mkono ni kama umeshika bomba la maji asubuhi. Tangu mara ya pili naweka mzigo juu ya kaunta. Achukue mwenyewe."

*

Alhamisi asubuhi walikwenda kwa ndugu wa marehemu wa tano, mwalimu mstaafu. Viti bado vilikuwa vimepangwa kuzunguka ukuta, ingawa waombolezaji walikwisha kuondoka zamani. Binti yake aliwapokea, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni.

"Baba alifariki saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Nilikuwa nimemshika mkono. Taarifa za benki yake zilikuwa zinakuja kwangu pia, kwa sababu alikuwa hazioni vizuri. Saa tano simu yangu ikalia. Umefanya manunuzi. Gauni."

"Ukafanya nini?"

"Utanicheka."

"Sicheki, mwanangu."

"Nilikimbia. Viatu mkononi, barabara nzima. Nilisema wamekosea, baba ameamka, yuko mahali anahangaika na simu yake na hakuna wa kumsaidia. Nikapiga mlango wa mochwari kwa ngumi. Nikamwambia mzee wa pale, mfungue, yuko hai, amenunua kitu sasa hivi." Akalikunja pindo la sketi yake, akalikunjua. "Alinitazama muda mrefu. Kisha akafungua droo."

Koplo aliinamisha kichwa.

"Alikuwa vilevile nilivyomwacha. Mzee akanikalisha, akanipa maji. Akaniambia, mwanangu, mashine nazo hukosea. Mtu mwema sana. Ndiye aliyetupimia jeneza, akatuandikia kikaratasi tumpelekee seremala. Sijui kwa nini nimekiweka."

"Nionyeshe."

Akakitoa ndani ya kitabu cha baba yake.

Utosi hadi kisigino, 174. Kiwiko kwa kiwiko, 49.

Inspekta alisimama kabla hajamaliza kusoma.

*

Mngurumo waliusikia kabla ya kuona mlango.

Mochwari ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, chini ya ngazi nane za saruji. Koplo alitazama juu mara moja, mahali ambapo jua lilikuwa bado linawaka kwa wenye kulihitaji, kisha akashuka. Ndani, majokofu yalinguruma kwa sauti moja isiyochoka. Bomba la sinki halikuwa limekazwa. To. To.

Mhudumu aligeuka. Koti la kijivu, safi, kucha zimekatwa hadi nyamani. Hospitali nzima ilimwita Mzee Baridi, na aliitika jina hilo bila chuki.

"Karibuni, wanangu. Mmepotelewa na nani?"

"Hatujapotelewa. Sisi ni polisi."

"Hata polisi hupotelewa."

Inspekta hakukaa. "Mali za marehemu zinawekwa wapi?"

"Kwenye kabati lile. Kila mmoja na mfuko wake, na namba. Ndugu wakija wanasaini, wanapewa."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Miaka kumi na tisa, mimi."

"Kadi za benki zinakuwamo?"

"Zinakuwamo."

"Simu?"

"Nyingi huendelea kulia siku mbili tatu. Mtu akifa, habari hazifiki kwa wote siku moja."

"Unazipokea?"

Mzee alikunja kitambaa cha kufutia meza, akakikunja tena. "Nikidhani ni ndugu, napokea. Nimwambie mtu wake yuko wapi."

"Jana saa tano ulipokea."

"Sikumbuki."

Inspekta akatoa simu, akabonyeza ile namba.

Ndani ya kabati, sauti ya mtoto mdogo ikapaza: "Baba! Baba, simu! Baba, pokea!" Mwishoni akacheka. Kisha ikaanza upya. "Baba! Baba, simu!"

Koplo alishika ukuta.

"Kata," Mzee Baridi alisema. "Nakuomba, kata. Tangu jana naisikia hiyo."

"Ni nani?"

"Mtu wa ajali. Aliletwa jana alfajiri. Ndugu hawajapatikana, ndiyo maana hajaandikwa popote."

Kwa hiyo hakuna aliyekuwa akiua. Inspekta alilielewa hilo, lakini hakupata nafuu. Aliiacha simu iite. Kila mtoto alipoita, mabega ya mzee yalishuka kidogo.

"Yule binti wa mwalimu," Inspekta alisema. "Alikuja hapa na viatu mkononi, anakuomba umfungulie baba yake. Ulijua simu yake imelia kwa sababu gani. Ulijua, na bado ukamwambia mashine hukosea."

Mzee aliketi kwenye stuli. Alionekana mdogo ghafla, kama koti lile lilishonewa mtu mwingine.

"Ni mimi," alisema. "Zote tisa. Na ile ya jana."

Inspekta akakata simu. Chumba kikabaki na mngurumo.

"Mzee, una haki ya kunyamaza," Koplo alianza, "na lolote utakalosema linaweza kutumika..."

"Nimekaa na walionyamaza miaka kumi na tisa, binti yangu. Acha mimi niseme."

Akasema. Mfuko ukiingia, ndani yake mlikuwa na kadi, kitambulisho chenye anuani, na simu. Simu ikiwa imefungwa haikumzuia. Ujumbe wa benki wenye namba ya siri ulionekana juu ya kioo, na kusoma alijua. Laini ya kuagizia aliitoa kwenye simu ya mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kuja kumwulizia. Vipimo alinakili kwenye daftari lake la seremala.

"Sikuwa najua vipimo vingine," alisema. "Mimi nawapima wakiwa wamelala."

"Nguo ziko wapi?"

"Ardhini. Zimevaliwa."

"Na nani?"

Akanyanyua kidole kuelekea safu ya chini ya droo. Hizo hazikuwa na majina. Zilikuwa na namba tu, kwa chaki.

"Hapa wanaletwa watu wa majina na watu wa namba. Mtu wa jina analetewa suti yake, saa yake, manukato yake. Mtu wa namba akikaa siku ishirini na moja bila kuulizwa, gari la manispaa linamchukua. Anatiwa kwenye mfuko mweusi wa nailoni. Ni ule wa taka, afande. Nimelinganisha. Una chapa ileile. Niliandika barua kumi na moja kwa wakubwa. Nilijibiwa moja: hakuna fungu. Nikanunua kwa mshahara wangu, mpaka mke wangu akaniuliza ni hawara gani huyu anayebadilisha saizi kila mwezi."

Hakutabasamu aliposema hivyo.

"Halafu waliletwa wawili wa ajali moja. Mmoja ana kadi nne. Mwenzake hana hata viatu. Nikawalaza jirani. Nikasema, huyu amvishe huyu. Yeye hatahitaji tena. Sanda haina mfuko."

"Ndiyo maana ya bila mifuko."

"Waweke nini?"

"Uliwaibia wajane, mzee. Uliwaibia watoto."

"Nilidhani benki ndiyo inayolipa. Benki ni kubwa. Nilidhani kwao ni kama kuchota maji ya..."

"Benki hailipi kitu!"

Sauti ilitoka mlangoni. Kabla hawajashuka, Koplo alikuwa amempigia Bi Mkasi aje kutambua mali yake, na sasa alisimama kwenye ngazi ya mwisho, mkasi ukipanda na kushuka kifuani kwa pumzi zake.

"Benki inanikata mimi," alisema. "Mimi na wanawake saba. Kesho jioni nafungiwa. Umenivua mimi niliye hai, mzee wangu, ili uwavishe waliokufa. Ungekuja kuniomba!"

"Ningesemaje, mwanangu? Kwamba nina wateja wasiosimama?"

Bi Mkasi alishuka ile ngazi ya mwisho. "Na kwa nini mimi? Mtandao mzima umejaa maduka."

"Gauni la kwanza niligeuza ndani nje. Mishono yote ya ndani ulikuwa umeifunika, hata pale ambapo hakuna jicho litakalofika. Nikasema, basi huyu hawezi kuwadharau."

Mwanamke yule akageuza uso, akatazama sinki. Alikwenda akalikaza bomba, kwa nguvu, kama vile lilikuwa limemtukana. Matone yakakoma.

"Mzee," Inspekta alisema, "kampuni ya malipo inataka nguo moja. Bila hiyo mama huyu anahesabiwa mwizi. Ipo ambayo haijazikwa?"

Mzee Baridi aliitazama safu ya chini. "Moja," alisema hatimaye. "Gari linakuja kesho asubuhi."

Alivuta droo ya chini, ya pili kutoka mwisho. Baridi ikatoka kwanza, nyeupe, ikatambaa juu ya viatu vyao.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi. Nywele zake zilikuwa zimechanwa. Alivaa gauni la buluu lenye ukosi mweupe, mikono mirefu, na alionekana kama mtu aliyejiandaa kwenda mahali akalala kidogo akisubiri kuitwa. Koplo aliugeuza ukosi kwa ncha ya kidole. Lebo ya duka ilikuwa hapo, na namba ya oda imedariziwa.

"Ni ya tisa, afande."

"Ni kielelezo," Inspekta alisema, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza. "Kwa utaratibu, kinavuliwa, kinafungwa, kinawekwa lakiri."

"Mtamvua?" Mzee aliinuka, mikono mbele, tayari kwa pingu. "Nifungeni mimi. Miaka mnayotaka. Lakini msimvue, afande. Huyu aliletwa hapa bila kitu. Bila kitu kabisa."

Koplo akamfunga pingu polepole, akahakikisha hazimbani.

Inspekta akamgeukia Bi Mkasi. "Naweza kuipiga picha lebo hivyohivyo ilivyo mwilini, nikaambatanisha na maungamo haya na barua yangu. Huenda ikatosha. Huenda isitoshe, ulimsikia yule bwana, anataka kuishika. Nguo ni yako. Ukisema tuvue, tunavua."

Bi Mkasi alisogea hadi kwenye droo. Aliinama. Alitazama mshono wa bega, akatazama kwapa, jicho la fundi likikagua kazi lenyewe bila kutumwa. Pale kwenye viwiko, ambapo wao wote walicheka, gauni lilimkaa sawasawa. Kifungo kimoja cha mkononi kilikuwa kimefunguka. Akakifunga.

Aliwaza vyerehani saba. Ilionekana usoni kwamba anaviwaza, kimoja kimoja, na aliyekaa nyuma ya kila kimoja.

"Piga picha yako," alisema. "Halafu mpigie yule bwana. Mwambie nguo ipo. Mwambie imevaliwa. Kama anataka kuishika, aje humu ndani kabla ya kesho asubuhi, ashuke hizo ngazi, aishike kwa mkono wake."

"Na asipokuja?"

"Asipokuja nitapigana naye kwa karatasi, kwa ulimi, kwa mkasi huu. Nikishindwa nitakuwa nimeshindwa nikiwa nimevaa."

Inspekta akapiga picha tatu. Mwanga wa kamera ukamulika uso wa yule mwanamke, ukazimika. Mzee Baridi alisukuma droo kwa kiuno, kwa sababu mikono yake haikuwa huru, lakini Bi Mkasi aliizuia kwa kiganja.

"Subiri."

Akaunyoosha ukosi mweupe, akauinamia uso ule usio na jina, akasema kwa sauti, ili wote walioko mle ndani wasikie:

"Dada, gauni hili ni lako. Nakuahidi, hakuna atakayekuvua."